Beagle wangu akishika harufu hanisikii tena: nimfundishe vipi kurudi akiwa hana kamba?

Mfugaji wa Usa River

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba ushauri wa watu waliowahi kuishi na mbwa wa kunusa, kwa kuwa majirani zangu wote wanafuga mbwa wa ulinzi, na maelekezo yao, ingawa wanayatoa kwa nia njema, hayajamfaa mbwa wangu hata kidogo.

Nina Beagle dume wa miezi 14 aitwaye Karafuu. Akiwa ndani ya uzio ni mtiifu kiasi cha kumshangaza mgeni: nikimwita mara moja tu anaacha mfupa na kuja mbio, masikio yakimpiga mashavuni. Shida huanza tunapotoka kwenda kando ya mashamba ya kahawa, ambako kuna nguchiro, kanga na, alfajiri, digidigi. Nilikuwa na mazoea ya kumfungua kamba tukishavuka mfereji wa umwagiliaji, na kwa miezi kadhaa hakuwa akienda mbali. Wiki tatu zilizopita alishusha pua, mkia ukasimama wima na kukakamaa, akatoa ule mlio wake mrefu ambao si kubweka wala si kulia, kisha akaondoka. Nilimwita hadi sauti ikanikauka, naye hakugeuza hata sikio. Baada ya karibu saa mbili, kijana anayechunga mbuzi alimkuta upande wa pili wa shamba, ametota na amechoka, ananusa shina la mti kana kwamba hakuna lililotokea.

Sina budi kusema kosa langu ili nisaidiwe vizuri. Aliponiona na kunijia, nilimchapa kwa kamba mara mbili, kwa hofu zaidi kuliko hasira, maana njia ile inaishia kwenye barabara kuu ya kutoka Arusha kwenda Moshi, yenye malori usiku na mchana. Tangu siku hiyo, nikimwita tukiwa nje, husimama hatua kama 5 kutoka nilipo, hulamba pua yake, hutazama pembeni, na hafiki mkononi mwangu.

Naomba kujua mambo matatu. Je, mbwa wa aina hii anaweza kufundishwa kurudi akiwa hana kamba, au ninapoteza muda wangu na wake? Je, nikimhasi tabia hii itapungua? Na je, kola ya umeme, yaani mkanda wa shingoni unaompa mbwa mshtuko, ambayo rafiki yangu mmoja amenishauri niagize, inafaa?

Mwongoza Mbwa Mstaafu

Ndugu yangu, niliongoza mbwa wa kufuatilia nyayo kwa miaka 9 upande wa magharibi wa Kilimanjaro, tukiwafuata majangili na wezi wa mifugo, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyaona kwa macho yangu.

Kwanza mfahamu huyo uliyenaye. Beagle alikuzwa Uingereza kwa ajili ya kuwinda sungura, wawindaji wakimfuata kwa miguu. Watu wale hawakuhitaji mbwa wa kugeuka kila dakika kumtazama bwana wake. Kizazi baada ya kizazi walimzalisha yule aliyeng'ang'ania harufu hadi mwisho wake, na aliyelia njiani ili wanaomfuata wajue alipo hata kama hawamwoni. Mlio uliousikia siku ile ulikuwa taarifa kwako, kwamba mnyama yupo huku na umfuate. Wewe ulikuwa ukimwita arudi, naye alikuwa akikuita uende. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mbwa hawa ni wakaidi. Karafuu alifanya kwa uaminifu mkubwa kazi aliyozaliwa nayo, isipokuwa hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba kurudi ni sehemu ya kazi hiyo.

Pili, kuhusu kumchapa. Mbwa hawezi kuiunganisha fimbo ya sasa na jambo alilolianza saa mbili zilizopita. Huiunganisha na kitendo chake cha mwisho, na kitendo cha mwisho cha Karafuu kilikuwa kukufikia wewe. Zile hatua 5 anazoziacha ni urefu wa kamba uliyomchapa nayo. Usikate tamaa, kwa sababu jambo hilo hurekebika, ila hurekebika polepole, nawe usilirudie kamwe, hata kama atarudi usiku wa manane akiwa amejaa matope.

Tatu, na hili huwashangaza wengi: sisi tuliowafundisha mbwa kila siku, tena kwa mshahara, hatukuwafungua. Bloodhound wetu walifuata nyayo wakiwa wamevaa mkanda wa kifuani, kamba ndefu ikiwa mkononi mwa mwongozaji anayekimbia nyuma yao. Najua kwamba Afrika Kusini, karibu na Hifadhi ya Kruger, kuna makundi ya mbwa wa asili ya Texas wanaofunguliwa kabisa kuwafuata majangili, lakini hao huvaa kola zenye GPS, na wakati mwingine helikopta huruka juu yao. Mtu wa kawaida hana helikopta. Anza basi na kamba, na uione kuwa ndicho chombo chako cha kufundishia.

La mwisho kwa leo ni saa ya kutembea. Harufu hukaa vizuri ardhini kukiwa na ubaridi na unyevu, nayo hufifia jua linapoikausha ardhi. Ukimpeleka kwenye kahawa alfajiri, umande ukiwa bado majanini, unamtia katika mtihani mgumu kuliko yote kabla hajajifunza lolote. Mpeleke kwanza saa nne asubuhi, mahali pakavu penye majani mafupi, kabla jua halijawa kali kiasi cha kumuunguza nyayo. Alfajiri yenye umande iwe ya mwisho katika mafunzo, baada ya miezi.

Dada wa Hannover

Mzee Mwongoza Mbwa, shikamoo. Maelezo yako kuhusu mlio yamenifanya nimwelewe mbwa wangu upya, baada ya kuishi naye miaka 6.

Ndugu wa Usa River, mimi ni mzaliwa wa Tanga ninayeishi Ujerumani, katika jimbo la Niedersachsen, nami nina Beagle jike. Huku sheria ya jimbo inataka kila mbwa awe na kamba anapokuwa nje ya makazi ya watu, mashambani na misituni, kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 15 Julai, wakati ndege wanapotaga na wanyama wa porini wanapozaa. Niliinung'unikia sheria hiyo mwaka wa kwanza, lakini ndiyo iliyonilazimisha kumfundisha kwa utaratibu. Nitaeleza nilivyofanya.

Nililiacha kabisa neno nililokuwa nikimwitia. Neno "njoo" lilikuwa limechakaa: nililitumia kumwita aje kuoga, aje afungwe, aje agombezwe, na nililirudia mara 10 wakati hasikii, hadi likawa kama upepo. Badala yake nilinunua kipenga. Wawindaji wa zamani waliwaita mbwa wao kwa baragumu, na nadhani walikuwa na sababu nzuri, kwa kuwa sauti ya chombo hufika mbali na haibadiliki, iwe umeogopa, umekasirika au umechoka, ilhali sauti ya mtu humwambia mbwa kila kitu. Kwa wiki mbili za kwanza sikumtaka afanye lolote. Nilipuliza mara tatu fupi, kisha papo hapo nikampa chakula kizuri, ndani ya nyumba, mara 5 au 6 kwa siku. Ninaposema chakula kizuri simaanishi kipande cha mkate. Mimi hutumia maini ya ng'ombe yaliyochemshwa na kukatwa vipande vidogo kama punje ya harage, na siku nyingine dagaa wakavu, ambao kwa mbwa wa pua huzungumza kwa sauti kubwa. Chakula hicho hakipati kwa njia nyingine yoyote.

Baada ya hapo nikahamia kwenye kamba ya meta 10. Ifunge kwenye mkanda wa kifuani na si shingoni, kwa sababu mbwa wa kilo 10 akifika mwisho wa kamba kwa kasi anaweza kuumia shingo. Vaa glavu, mimi sikuvaa siku ya kwanza, na nilikaa wiki nzima nikiwa na malengelenge katika vidole vinne. Kata kitanzi cha mwisho na usiweke fundo lolote, ili kamba inayoburuzwa isinase kwenye mashina ya kahawa. Usiitumie kumvuta. Kazi ya kamba ni kuhakikisha kwamba mbwa hapati nafasi ya kujifunza kuwa kukimbia kunalipa. Kurudi kwenyewe lazima kutoke kwake.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu liligeuza kila kitu, nami ningeomba ulisome mara mbili. Maini ni malipo mazuri, lakini kwa Beagle hakuna malipo yanayozidi harufu yenyewe. Ukimwita, akaja, ukamfunga na kuelekea nyumbani, umemfundisha kwamba kuja ndiko kumaliza furaha, na ana akili ya kutosha kulikumbuka hilo. Kwa hiyo mimi humwita, humpa kipande cha ini, hugusa mkanda wake, kisha humwambia "tafuta" na kumrudisha palepale alipokuwa ananusa. Katika kila mara 10 ninazomwita, mara 9 anarudi kwenye harufu yake. Baada ya miezi kadhaa niliona kitu ambacho sikukitarajia: alianza kuja mwenyewe, bila kipenga, ananigusa goti kwa pua, anapokea neno "tafuta", anaondoka. Kurudi kwangu kulikuwa kumeingia ndani ya uwindaji wake.

Kuhusu zile hatua 5, usimfuate na usimnyooshee mkono. Chuchumaa, mpe ubavu badala ya uso, weka ini chini karibu na mguu wako, utazame pembeni. Akilichukua, usimshike. Siku inayofuata liweke karibu zaidi. Baadaye mguse mkanda kwa kidole kimoja kabla ya kumpa, umwachie aende. Imani ya mbwa wangu kwangu haikuwa imeharibika sana kama ya Karafuu kwako, nayo ilichukua kama wiki tatu kurudi.

Usipulize kipenga pua ikiwa tayari imezama, kwa sababu wakati huo hakusikii kweli, na kila mwito usioitikiwa unakipunguzia kipenga thamani. Fuata kamba mkono kwa mkono hadi umfikie, simama karibu yake kimya, ungoje. Kuna wakati atainua kichwa kutafuta hewa. Hapo ndipo upulize.

Mwisho, iwapo atakuponyoka, usimkimbilie, maana atadhani mnawinda pamoja. Ukiwa bado unaonekana kwake, kimbia kuelekea upande wa pili. Akishapotea kabisa, baki mahali alipokuachia. Ukilazimika kuondoka, acha pale shati ulilolivaa siku hiyo. Mbwa wengi hufuata harufu yao wenyewe hadi walipoanzia, wakati mwingine baada ya saa nyingi.

Daktari wa Mifugo, Nairobi

Nitajibu maswali mawili yaliyobaki kwa ufupi. Kuhasi hupunguza kutangatanga kunakotokana na kutafuta majike, na kuna sababu nyingine nzuri za kufanya hivyo, lakini hakupunguzi hamu ya kufuata harufu ya mnyama, kwa kuwa hamu hiyo haitegemei homoni za uzazi. Umri wake, kwa upande mwingine, una uzito. Kati ya miezi 6 na 18 mbwa yuko katika ujana, na mengi aliyoyajua akiwa mdogo huonekana kama yamefutika. Endelea kumfundisha.

Kola ya umeme siishauri. Mbwa anayepata maumivu akiwa kwenye kasi huyaunganisha na kile kilicho mbele yake wakati huo, na kilicho mbele ya Karafuu kinaweza kuwa mbuzi au yule kijana mchungaji. Nimewahi kuletewa mbwa aliyeanza kuwaogopa watoto kwa njia hiyo, kisha akaanza kuwauma. Wales ilipiga marufuku matumizi ya kola hizo mwaka 2010, na Ujerumani anakoishi dada yetu pia haziruhusiwi.

Kabla hujafikiria kumfungua, hakikisha chanjo ya kichaa cha mbwa haijapita muda wake, kwa sababu mbwa anayepotea saa mbili porini anaweza kukutana na mbweha au mbwa asiye na mwenyewe bila wewe kujua. Namba yako ya simu iandikwe kwenye mkanda wake kwa maandishi yasiyofutika.

Mkulima wa Tengeru

Ninawaheshimu wote waliotangulia, lakini naomba upande wa mwenye shamba usikike. Mwaka jana mbwa wa mtu, mzuri na mwenye mkanda wa bei, aliingia kwangu akifuata harufu, akawakimbiza mbuzi hadi kwenye uzio wa miiba, na mmoja aliyekuwa na mimba akaitoa siku mbili baadaye. Mwenye mbwa aliniambia kwamba mbwa wake hana ubaya, anacheza tu. Huenda ni kweli, lakini mbuzi hawezi kulijua hilo. Wapo wakulima wanaotega nyaya kwa ajili ya nguruwe pori, na wapo wanaotandaza nyama yenye sumu kwa sababu wamechoka kupoteza kuku. Kwa hiyo mimi nasema mbwa wa aina hii asifunguliwe kabisa katika mashamba yasiyo na uzio, hata akiwa amefundishwa namna gani. Kama unaweza kumpata mtu mwenye eneo lililozungushiwa ukuta, iwe shule wakati wa likizo au kiwanja ambacho hakijajengwa, omba ruhusa umfungue humo. Nami niko tayari kukuonyesha eneo langu la nyuma, lenye ukuta, ukiahidi kuja baada ya mbuzi kupelekwa malishoni.

Mfugaji wa Usa River

Ndugu zangu, zimepita wiki 9, na nimeona si haki kunyamaza baada ya kupewa msaada wote huu.

Kola ya umeme sikuiagiza. Nilinunua kamba ya manila, nikaikata meta 10, na fundi viatu akanishonea mkanda wa kifuani kwa turubai. Neno "njoo" tumelizika nyumbani, hata watoto wameacha kulitumia. Ilichukua siku 16 kabla Karafuu hajavuka zile hatua 5. Siku aliyovuka nilikuwa nimechuchumaa kama Dada wa Hannover alivyoelekeza, nikitazama mlima, nikasikia kwanza pumzi yake kwenye kiwiko changu, kisha akachukua ini na kukaa, jambo ambalo sikumwomba alifanye. Sikumgusa siku ile.

Nilikubali mwaliko wa Mkulima wa Tengeru, nami namshukuru hadharani. Tumekwenda kwake Jumapili 4, mbuzi wakiwa wametolewa. Ndani ya ukuta, bila kamba, Karafuu ameitikia kipenga mara 31 kati ya 34. Nimeandika kila moja katika daftari. Zile 3 alizokosa zote zilitokea kwenye kona moja, palipokuwa na shimo la nguchiro, nami nakiri kwamba nilipuliza pua ikiwa tayari imezama. Kwenye kahawa bado anavaa kamba, na baada ya kumsoma Mkulima nimeamua kwamba huko ataendelea kuivaa.

Swali langu jipya ni kwa Mzee Mwongoza Mbwa. Nimeanza kuona kwamba kabla pua haijazama, kuna muda mfupi sana ambapo Karafuu bado ni wangu. Je, wewe ulikuwa ukiutambuaje?

Mwongoza Mbwa Mstaafu

Marahaba, binti yangu wa Hannover, na samahani kwa kuchelewa kuiitikia salamu yako.

Ndugu wa Usa River, umeuona mwenyewe, na wengi hawauoni kamwe. Tazama kasi ya pua na usiuangalie mkia, kwa sababu mkia hukuambia jambo likiwa limekwisha kuamuliwa. Mbwa anayetembea tu hunusa hapa na pale, pua ikipanda na kushuka. Akigusa harufu mpya anayoipenda, hupita juu yake kwa hatua moja au mbili, kisha kichwa hugeuka ghafla kurudi nyuma, kana kwamba ameitwa na mtu. Anarudi kuihakikisha. Pumzi zake huwa fupi na za haraka, nawe ukiwa karibu utazisikia. Muda huo ni sekunde 2 au 3, na hapo bado hajajua mnyama ameelekea upande gani. Akishaujua upande, mdomo hufunga, mgongo hunyooka, na hapo umechelewa.

Puliza kichwa kinapogeuka. Akija, mpe ini mara mbili ya kawaida, kisha nenda naye, kamba ikiwa mkononi, hadi palepale alipogeukia, umwambie "tafuta", umfuate kwa meta 50 akikuonyesha alichokipata. Fanya hivyo katika kona ile ya shimo la nguchiro, kwa kamba, Jumapili 3 zijazo, kabla hujamfungua tena ndani ya ukuta. Endelea na daftari lako, na uandike pia saa na hali ya ardhi, kama ilikuwa kavu au yenye umande.